Saa za nyumbani ziwe katikati ya bango: jibu kwa shirika la wazazi wa Lubumbashi

Swali

«Mimi ni mratibu wa shirika dogo la wazazi wa watoto wenye drepanositozi (selimundu) hapa Lubumbashi. Kwa miaka miwili tumekuwa tukizipa familia za komini za Katuba, Kenya na Ruashi, humu mjini, kipimajoto pamoja na kadi inayoonyesha la kufanya mtoto anapopata homa, na familia zimekuwa zikiandika daftarini saa ambayo homa ilionekana na saa ambayo mtoto alifika kituo cha afya. Kadi ya kwanza ilikuwa maandishi matupu. Akina mama waliikataa, wakachora nyingine yenye picha. Sasa muhtasari wetu umekubaliwa katika kongamano la madaktari litakalofanyika Kinshasa, na tumeambiwa tulete bango la kipimo cha A0 lililosimama wima. Kijana wetu wa kompyuta ametengeneza bango, tuliloliambatisha hapa, lenye maneno karibu 1,900, logo saba juu, na picha ya mtoto aliyelazwa. Daktari rafiki yetu anasema hakuna atakayelisoma. Tufanye nini? Na tiketi moja ya ndege tuliyopata, apewe nani?»

Jibu

Mama, daktari rafiki yenu amesema kweli, ila kosa si la kijana wa kompyuta. Alipewa ripoti akaambiwa aiingize kwenye karatasi moja, naye akaiingiza. Ripoti husomwa na mtu aliyeketi. Bango husomwa na mtu aliyesimama, mwenye kikombe cha kahawa mkononi, umbali wa mita mbili hivi, huku watu wakipita nyuma yake na mabango mengine makumi yakimwita kushoto na kulia. Mtu huyo huamua kwa sekunde chache kama atasogea au ataendelea na safari yake. Akisogea, atawapa dakika tatu au tano, na sehemu kubwa ya dakika hizo atataka kuongea kuliko kusoma. Maneno 1,900 hayana msomaji mahali pale. Maneno 400 yanaweza kumpata, na mimi ningejaribu kushuka hata chini ya hapo.

Kazi ya kukata haiwezi kuanza kabla hamjakubaliana juu ya sentensi moja. Kaeni pamoja, wazazi na waratibu, mjiulize: daktari wa watoto anayetoka Mbuji-Mayi au Kisangani, akirudi nyumbani na jambo moja tu kutoka kwenye bango letu, tunataka liwe lipi? Isiwe «shirika letu linafanya kazi nzuri», kwa sababu hilo halimpi daktari kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi. Nikisoma barua yenu naona jambo ambalo hospitali haina: ninyi mmepima saa zinazopita nyumbani. Daktari hulijua joto la mtoto kuanzia pale anapoandikishwa mlangoni. Saa zilizotangulia, kuanzia mama alipougusa mwili wa mtoto usiku akauona una moto, akafikiri ni malaria, akampa parasetamoli akangoja kupambazuke, hizo hazimo katika faili lolote la hospitali. Zimo katika madaftari yenu. Na kwa mtoto mwenye drepanositozi, ambaye wengu wake huharibika mapema na ambaye bakteria kama pneumokoki wanaweza kumuua kwa muda mfupi sana, saa hizo ndizo zenye uzito. Bango lenu ni bango la saa za nyumbani, na kila kitu kisichosaidia kuzionyesha kitolewe bila huruma.

Hapo mtaona kwamba ile safu nzima ya kwanza ya bango lenu, inayoeleza drepanositozi ni nini, inarithiwa vipi na inapatikana wapi duniani, haihitajiki. Wasomaji wenu ni madaktari wa nchi ambayo, pamoja na Nigeria na India, ni miongoni mwa zile ambako watoto wengi zaidi huzaliwa na ugonjwa huu. Maelezo hayo yanafaa kwenye afishi za tarehe 19 Juni, siku ya kimataifa ya drepanositozi iliyotokana na azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2008, ambapo mnaongea na mpita njia asiyejua kitu. Mashirika mengi huchukua afishi ya siku hiyo na kuipeleka kongamanoni, au hufanya kinyume chake, na mara zote mbili wasomaji hupotea.

Sentensi ikishapatikana, ndiyo iwe kichwa cha bango. Kichwa chenu cha sasa, kinachoanza na «Mchango wa shirika letu katika kuboresha malezi», kinataja mada bila kusema mlichokiona. Tuseme kwa mfano tu kwamba familia 41 ziliandika madaftari yao hadi mwisho, na kwamba muda wa katikati kutoka homa kuonekana hadi mtoto kufika kituoni ulikuwa saa 19 kabla ya kadi ya picha na saa 6 baada yake. Tarakimu hizi ni zangu za kuelezea. Ninyi mtaweka zenu. Kichwa kingekuwa na maana hii: «Kutoka saa 19 hadi saa 6: muda wa kufika kituoni wakati wa homa, kabla na baada ya kadi iliyochorwa na akina mama». Daktari akisoma hapo na kupita, amekwisha kupata jambo lenu.

Ninasema «muda wa katikati» kwa makusudi. Pangeni saa za familia zote kuanzia fupi hadi ndefu. Kwa familia 41, ya 21 ndiyo ya katikati. Wastani wa kawaida utavurugwa na familia moja iliyokuwa safarini ikafika baada ya siku nne, ilhali kipimo cha katikati hakiyumbishwi nayo. Kuna mambo mawili zaidi ambayo mtu makini atawauliza, na ni heri bango liyajibu kabla hajauliza. La kwanza: je, mnahesabu familia au mnahesabu homa? Kama nyumba moja iliandika homa tano na nyingine iliandika moja, nyumba ile ya kwanza inasikika mara tano. Mimi ningechukua homa ya kwanza ya kila familia katika kila kipindi, na kuliandika hilo chini ya mchoro. La pili: saa za kabla ya kadi mlizipataje? Barua yenu haisemi. Ikiwa wazazi waliulizwa wakakumbuka, na saa za baadaye ziliandikwa siku ileile, basi mnalinganisha kumbukumbu na daftari, na hivyo si vitu sawa. Hakuna aibu katika hilo. Andikeni tu: saa za kabla zilikumbukwa, saa za baada ziliandikwa.

Vilevile msiseme kwamba kadi ndiyo iliyosababisha, ikiwa hamkuwa na kundi lingine la kulinganisha. Hata Kiswahili chetu kinaweza kumvusha mtu mpaka huo bila kujua: ukiandika «walichora kadi, watoto wakafika mapema», hiyo «ka» tayari imelifanya tendo la pili kuwa tunda la la kwanza. Huenda ni kadi, huenda ni kipimajoto, huenda ni kule kutembelewa na mzazi mwenzao kila mwezi. Mashirika ya wagonjwa hupimwa kwa mizani kali kuliko hospitali. Mtu akikuta dai moja lililozidi ushahidi, ataliweka bango zima katika fungu la matangazo. «Kabla» na «baada» ni maneno ya kweli, na yana nguvu ya kutosha.

Sasa mchoro, kwa sababu ndio utakaochukua nafasi kubwa. Katika bango lenu la sasa kuna duara mbili zilizokatwa vipande kama keki na nguzo zenye kivuli. Ziondoeni. Chukueni karatasi, chora mstari mmoja mlalo wa saa, kuanzia 0 upande wa kushoto hadi 48 au zaidi upande wa kulia. Juu ya mstari, kila familia iwe duara moja tupu mahali pa saa zake za kabla ya kadi. Chini ya mstari, kila familia iwe duara moja lililojazwa rangi, mahali pa saa zake za baada. Saa za katikati zionyeshwe kwa mstari wima mfupi wenye tarakimu kubwa. Mtu aliye mita tatu ataona kundi la maduara limehamia kushoto, na hilo ndilo jambo lenu lote, bila kusoma neno. Akisogea ataona pia yale maduara mawili matatu ambayo hayakuhama, na atauliza kwa nini. Msiyafiche. Katika miaka yangu ya kazi hii, mazungumzo bora yote mbele ya mabango yalianzia kwenye nukta iliyokataa kufuata wenzake: familia iliyokuwa na kadi, kipimajoto na nia, lakini haikuwa na pesa ya teksi saa nane za usiku.

Nafasi ya pili kwa ukubwa ningeipa zile kadi mbili. Katika bango lenu, habari ya akina mama kuikataa kadi ya kwanza imefichwa katika mstari wa kumi na kitu wa safu ya tatu, kana kwamba ni kasoro ya mradi. Kwangu mimi hiyo ndiyo dhahabu yenu. Bandikeni kadi zote mbili kando kwa kando, kwa ukubwa wake halisi au zaidi: hii ya maandishi, na hii iliyochorwa, yenye kipimajoto kinachoonyesha nyuzi 38.5, jua na mwezi kumaanisha mchana na usiku, na njia ya kwenda kituoni, au chochote kile ambacho akina mama walikichora. Chini yake sentensi mbili tu: nani aliikataa ya kwanza, kwa sababu gani, na nani alichora ya pili. Tangu mwaka 2017 kuna mwongozo wa kimataifa uitwao GRIPP2 unaoeleza namna ya kuripoti ushiriki wa wagonjwa katika utafiti, na toleo lake fupi lina mambo matano: lengo la kuwashirikisha, namna walivyoshirikishwa, matokeo ya ushiriki huo, mjadala wa athari zake, na tafakari ya yaliyokwenda vizuri na yaliyokwenda vibaya. Hamhitaji kuyapa kila moja kichwa chake. Lakini mkiyafuata moyoni, hamtaandika lile neno «walishirikishwa» ambalo halisemi kama mtu aliamua jambo au alikaa tu kwenye kiti.

Kuhusu picha ya mtoto aliyelazwa, nawaomba muiondoe, nami nitaeleza kwa nini kwa kisa changu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilitengeneza bango kwa kikundi kimoja cha wazazi, nikaweka katikati picha ya msichana mdogo mwenye seramu mkononi. Mama yake alikuwa amekubali kwa mdomo, kitandani pa mtoto, mtoto akilia kwa maumivu. Leo najua kwamba hapo hapakuwa na kukubali. Mgeni mmoja wa kongamano alilipiga bango picha kwa simu akaituma kwa wenzake, na kabla ya wiki kwisha picha ilikuwa imefika katika kikundi cha WhatsApp cha watu wa kanisa la familia ile. Mama hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: «Sasa ataolewa na nani?» Mnajua wenyewe jinsi neno «SS», yaani mwenye drepanositozi, linavyoweza kumfuata binti katika mtaa, na jinsi maneno ya watu yanavyowageukia wazazi wake. Tangu siku ile sijaweka uso wa mtoto mgonjwa kwenye bango lolote.

Mikono inatosha: mkono wa mama ulioshika kipimajoto kwapani mwa mtoto, kadi iliyobandikwa mlangoni, ukurasa wa daftari wenye saa zilizoandikwa kwa kalamu, majina yakiwa yamefunikwa kabisa. Hata kwa picha hizo mtahitaji idhini ya maandishi katika lugha anayoielewa mzazi, inayotaja kongamano, intaneti na simu za wageni, na inayompa haki ya kukataa baadaye. Mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aulizwe. Angalieni pia vitu vya nyuma ya picha: namba ya nyumba, sare ya shule, jina la kituo kwenye ukuta.

Suala la lugha halikuwa katika barua yenu, lakini ni lazima litokee. Bango liwe kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya kongamano, na daktari wa Bandundu hatakuwa na muda wa kutafsiri. Hata hivyo, sauti za wazazi ziachwe kwa Kiswahili, moja au mbili, kwa herufi kubwa, na tafsiri ya Kifaransa chini yake. Na msizisafishe. Mama akisema «mutoto» na «asubui», andikeni «mutoto» na «asubui», kama alivyosema jikoni kwake Katuba. Ukimbadilishia maneno yawe ya kitabuni, umemwondoa yeye ukabaki na mwalimu.

Sasa vipimo. A0 ni milimita 841 kwa 1189. Mwambieni kijana afungue ukurasa wa kipimo hicho tangu mwanzo, sentimita 84.1 kwa 118.9, asitengeneze kwenye slaidi ya kawaida kisha akaivuta, kwa maana picha zitavutika nazo. PowerPoint inaweza, na kwa asiyetaka kununua kitu, Scribus na Inkscape ni za bure na zinafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kichwa kiwe na herufi za pointi 90 hadi 100, vichwa vidogo kama 48, maandishi ya kawaida 32, na maelezo ya chini ya picha yasishuke chini ya 24. Kuna jaribio ambalo sijaacha kulitumia: A4 ni robo kamili ya A0 kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo bango zima likichapwa kwenye karatasi moja ya A4, herufi za 32 huwa 8, na za 24 huwa 6. Mpeni mtu mwenye umri wangu karatasi hiyo aisome kwa urefu wa mkono. Asichoweza kusoma hapo, hakuna atakayekisoma Kinshasa.

Jaribio la pili linahitaji mkanda wa gundi na ukuta. A0 moja ni karatasi 16 za A4, nne kwa nne. Chapeni bango vipandevipande kwa mashine ya ofisini, nyeusi na nyeupe, muviunganishe, mkalitundike katika chumba mnachokutania. Mwiteni mtu ambaye hajui lolote kuhusu mradi, mwalimu wa jirani au muuguzi wa kituo kingine, asimame mita mbili, mhesabu sekunde 30, kisha mlifunike na kumuuliza ameona nini. Msimsaidie. Akitaja jina la mfadhili kabla ya kutaja saa, mnajua kitu gani kimekaa mahali pasipo pake.

Na hapo tunafika kwenye logo saba. Zishuke chini kabisa, mstari mmoja, urefu uleule kwa zote, sentimita nne au tano. Someni kwanza mikataba yenu, maana wafadhili wengine hudai logo ionekane, lakini ni nadra kudai ikae juu. Karibu nazo wekeni maandishi mafupi ya lazima: nani alilipa, na namba ya kibali cha kamati ya maadili ikiwa mlikipata. Kama kampuni ya dawa ilichangia chochote, hata vipimajoto, liandikeni wazi. Msomaji atakayeligundua mwenyewe baadaye hatawaamini tena.

Rangi ziwe chache. Maandishi meusi au ya buluu nzito juu ya nyeupe, na rangi moja kali kwa ajili ya maduara ya «baada» peke yake, ili jicho lijue pa kwenda. Naelewa kwa nini mashirika ya drepanositozi hupenda nyekundu, lakini msiweke nyekundu dhidi ya kijani kutenganisha «kabla» na «baada», kwa sababu kuna watu, hasa wanaume, wasioweza kuzitofautisha. Duara tupu na duara lililojazwa vinamsaidia kila mtu. Picha ya nyuma ya maandishi, ile ya seli nyekundu zinazoelea, iondoke kabisa. Nafasi tupu pembeni si hasara.

Picha za simu mzichukue kutoka kwenye simu iliyozipiga, si zile zilizopita WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa kuwa hupunguzwa njiani. Kwenye bango panahitajika nukta 150 hivi kwa kila inchi, na picha yenye upana wa pikseli 1,600 kwa hesabu hiyo inatosha sentimita 27 tu. Mkivuta hadi 60, kadi ya akina mama itakuwa ukungu.

Wachapaji wengi hapa mjini wamezoea bashi, yaani turubai la plastiki la harusi, misiba na kampeni, linalokusudiwa kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa bango la kusomwa karibu, herufi ndogo zinaweza kutoka na kingo zilizofifia, na mng'ao wa taa za ukumbi huficha nusu ya maandishi. Ulizeni kama ana karatasi isiyong'aa, au kitambaa cha poliesta, ambacho kina faida ya kukunjwa ndani ya sanduku. Mrija wa A0 una karibu sentimita 90 na unaweza kuwaletea maneno uwanja wa ndege. Pelekeni faili la PDF lenye fonti ndani yake, na kabla ya kulipa bango zima, ombeni achape kipande cha sentimita 20 kwa ukubwa kamili, chenye sehemu ya mchoro na maandishi madogo kabisa. Rangi ya skrini na rangi ya wino si ndugu wa tumbo moja. Buluu inayong'aa kwenye kompyuta hutoka imepoa. Fanyeni hivyo siku kumi kabla ya safari, maana umeme ukikatika siku mbili, hamtakuwa na pa kukimbilia. Nakala ya PDF ikae katika flashi na katika barua pepe, ili bango likipotea lichapwe kulekule.

Alama ya kuskani kwa simu, ile ya QR, ni nzuri ikiwa inafungua kitu chepesi, ukurasa mmoja wenye kadi ya kupakua, si video inayomaliza vifurushi vya watu. Kwa mtu aliye hatua moja mbali, sentimita nane kwa nane zinatosha. Mimi bado ninaamini karatasi: nakala 50 za A4, mbele bango, nyuma kadi yenyewe, kubwa kiasi cha kutolewa fotokopi. Daktari akiondoka na kadi mkononi, huenda siku moja ikabandikwa Kananga.

Kuhusu tiketi, nitasema ninavyofikiri bila kuzunguka. Impeni mmoja wa akina mama waliochora kadi. Mratibu anaweza kueleza mradi, lakini swali litakaloulizwa mbele ya bango hilo ni «kwa nini mliikataa ya kwanza?», na jibu lake liko kwa aliyeikataa. Kama Kifaransa chake ni kidogo, muombeni yule daktari rafiki yenu, ikiwa naye anakwenda, asimame kando yake saa ya mabango. Na katika ukumbi wa madaktari Wakongo hatakosa wanaosikia Kiswahili. Mfanye naye mazoezi mbele ya zile karatasi 16: sentensi tatu za kuanzia, kisha anyamaze na kumwacha mgeni aulize. Awe na daftari la kuandika, au kuandikiwa, kila swali na jina la kila anayetaka kadi. Asipotaka kwenda, asilazimishwe wala asilaumiwe.

Lakini akikubali, hesabu ya safari isiishie kwenye ndege na chakula. Muulizeni ni nani atakayelala na mtoto wake usiku zile, mumlipe mtu huyo kwa siku zake, na kabla ya mama kuondoka mhakikishe kwamba mtu huyo anajua kipimajoto kinawekwa wapi, kadi imebandikwa mlango gani, na pesa ya teksi ya usiku iko mkononi mwa nani.